Dirisha si Kosa la Aliyeibiwa



Liko neno moja ambalo limezoea kusemwa katika miji yetu, hata limekuwa kama hukumu isiyo na rufani. Mtu akiibiwa usiku, akaenda kutoa habari, swali la kwanza aulizwalo si "Umechukuliwa nini?" wala "Je, ulimwona mtu?" bali ni hili: "Dirisha lilikuwa wazi?" Akijibu kwamba lilikuwa wazi, basi shauri limekwisha. Jirani hutikisa kichwa, mwenye nyumba hushusha pumzi kwa raha, na mwenye kuandika habari huilaza kalamu yake mezani. Aliyeibiwa hurudi kwake hali amepotewa na mali na heshima pamoja, kwa maana tangu saa ile yeye ndiye mkosa.

Sisi twalipinga neno hilo, na twataka kueleza sababu zetu moja baada ya moja, ili kila msomaji azipime mwenyewe. Hatusemi kwamba mtu alale bila kujilinda. Twasema kwamba dirisha lilijengwa lifunguliwe, kwamba nyumba isiyoweza kufunguliwa dirisha usiku bila hofu ni nyumba yenye kasoro, na kwamba kasoro hiyo haiwezi kutozwa mpangaji peke yake.

Kwanza tumtazame mwizi mwenyewe. Mwizi wa dirishani si mtu wa nguvu nyingi. Huja saa nane au saa tisa za usiku, wakati usingizi umewalemea watu. Chombo chake ni upembo, yaani mti mrefu wenye kulabu nchani, ndugu yake ule utumiwao kuangulia maembe. Huupenyeza baina ya nondo, akanasa suruali iliyotundikwa kitini pamoja na vilivyomo mifukoni, au mkoba wa mama, au simu iliyoachwa ikipata umeme karibu na mto. Vioo vya luva huvichomoa kimoja kimoja kutoka nje, akavipanga chini bila kishindo. Wavu wa mbu huupasua kwa wembe. Mara nyingi hana haja ya kuingia hata unyayo. Mkono na mti humtosha.

Basi wako wasemao kwamba mtu wa namna hiyo hakuvunja kitu, kwa hiyo kosa lake ni dogo. Twawaomba waisome sheria. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, ambazo asili yake ni sheria iliyotungwa mwaka 1930 na ambazo zingali zikitumika Tanzania pamoja na marekebisho yake, zimelieleza jambo hili kwa maneno ya wazi. Kuvunja si kubomoa tu. Mtu afunguaye mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta, kuinua, au kwa njia nyingine yoyote, amevunja. Na kuingia si kutia mwili mzima. Kiungo chochote cha mwili kikiwa ndani, au chombo chochote alichokishika kikiwa ndani, sheria yamhesabu kuwa ameingia. Zaidi ya hayo, sheria yataja tundu la nyumba lililoachwa wazi daima kwa haja ya lazima, lisilokusudiwa kuwa njia ya watu, nayo yasema kwamba apitaye hapo ahesabiwa amevunja na kuingia. Kuvunja nyumba ya kukaa watu wakati wa usiku kwa nia ya kutenda kosa kwaweza kumpeleka mtu kifungoni miaka 20. Kenya nayo ina maelezo kama hayo katika sheria yake.

Hatujifanyi mahakimu, wala hatutaki kukata mashauri katika ukurasa huu. Lakini twauliza: katika maneno hayo yote, ni wapi palipoandikwa kwamba alalaye dirisha wazi amempa mwizi ruhusa? Hapana. Walioitunga sheria walijua kwamba nyumba zina matundu, na kwamba watu wanayahitaji. Upembo uliopita dirishani ni mkono wa mwizi uliorefushwa, na huo mkono ndio wenye kosa. Kwa hiyo mtu akifika kutoa habari ya wizi, anastahili kuandikiwa habari yake yote, apewe namba ya shauri lake, na aulizwe maswali ya kumtafuta mwizi kabla ya maswali ya kumtafutia yeye lawama.

Sasa tuje kwa wale wenye hekima nyepesi wasemao, "Fungeni madirisha, basi yaishe." Huenda wao hulala Njombe au Limuru penye baridi. Sisi wengine twalala Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako mwezi wa Januari na wa Februari joto halishuki hata alfajiri, na chumba cha watu wanne kilichofungwa kila upande huwa kama tanuri. Mtoto hulia usiku kucha, mama hukesha akimpepea kwa kipande cha karatasi ngumu, na asubuhi baba aingia ofisini macho mekundu, akaandika hesabu kwa makosa. Halafu twaulizwa mbona kazi imezorota.

Tena joto ndilo dogo katika madhara hayo. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na hupenda chumba kilichofungwa ambamo watu wengi huvuta hewa ile ile. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha habari za uchunguzi walioufanya mjini Lima, nchi ya Peru, katika vyumba 70 vya hospitali 8. Walipima ni mara ngapi kwa saa moja hewa yote ya chumba yabadilika. Walipofungua madirisha na milango, kiasi cha kati kilikuwa mara 28. Katika vyumba vya mitambo ya hewa walivyovilinganisha, kilikuwa mara 12. Nao walikuta jambo ambalo lapasa kuwaaibisha wajenzi wa leo: vyumba vya hospitali za zamani, vyenye dari za juu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa mara 40, ambapo vile vya siku hizi, ingawa navyo vilitegemea madirisha, vilifika mara 17 tu. Na ulipozuka ugonjwa wa UVIKO-19, tangu mwaka 2020 dunia nzima ilifundishwa upya somo lile lile la kufungua madirisha.

Tena iko habari ya jiko la mkaa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini, bila kelele. Kila msimu wa baridi twasikia misiba ya namna hiyo. Mtu aliyefunga dirisha kwa kumwogopa mwizi wa simu, kisha akaingiza jiko ndani ili watoto wapate joto, amemwepuka mwizi mdogo akamfungulia yule mkubwa. Jiko la mkaa halina mahali chumbani mwa kulala, dirisha liwe wazi au limefungwa. Lakini lililofungwa huharakisha msiba.

Watatuambia, "Nunueni feni." Feni ni njema, lakini haileti hewa mpya, huizungusha ile iliyomo. Watasema, "Tieni mtambo wa kupoza hewa." Mitambo ile ya kawaida itundikwayo ukutani nayo huipoza hewa iliyomo na kuirudisha ndani, haiibadilishi. Tena umeme una bei, na umeme hukatika. Dirisha halikatiki wala halidai malipo mwisho wa mwezi.

Ikiwa ni hivyo, je, nondo si dawa? Nondo ni dawa, nasi hatuzikatai. Lakini dawa ina kipimo chake, na ikipita kipimo huwa sumu. Mji wote umejaa nyumba zilizofungwa nondo kila dirisha, zimechomelewa imara, na mlango ni mmoja tu, nao una geti la chuma lenye kufuli. Moto ukizuka mlangoni, waliomo watatokea wapi? Tusidhani kwamba twasema mambo ya kubuni. Usiku wa Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchi ya Kenya, wavulana 67 walikufa katika bweni lililoungua. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla yake, yaani mwaka 1998, wasichana zaidi ya 20 walikuwa wamekufa kwa namna hiyo katika shule ya Bombolulu. Ndiyo maana maagizo ya usalama wa shule yaliyotolewa na Serikali ya Kenya mwaka 2008 yalisema kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Somo hilo lililipiwa kwa roho za watoto. Itakuwa aibu kwetu kulijua shuleni na kulisahau nyumbani.

Kwa hiyo hoja si dirisha wazi au dirisha lililofungwa. Hoja ni nyumba ijengwe namna gani hata hewa ipite, mwizi asipite, na mwenye nyumba aweze kutoka siku ya moto. Wala hilo si fumbo la kuwashinda mafundi. Wazee wetu wa pwani walilifumbua zamani: madirisha yenye nondo, na mbao zilizopangwa mshazari zipitishazo upepo na kuzuia jicho la mpita njia. Nyumba za maofisa zilizojengwa Uzunguni zamani za ukoloni zilikuwa na dari za juu, veranda pana na nyavu madirishani, kwa sababu waliozijenga walijua kwamba mtumishi asiyepata hewa hafanyi kazi. Elimu hiyo haikupotea. Iliyopotea ni nia ya kuitumia katika nyumba za mtu wa mshahara mdogo.

Tazameni yale madirisha ya alumini ya kuteleza yaliyoenea kila mahali. Ni mazuri kwa macho, lakini kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo hata likifunguliwa lote nusu yake imefungwa. Mpangaji hulipia dirisha zima na kupewa nusu ya hewa. Na tundu za hewa zilizokuwa zikiachwa juu ya ukuta, karibu na dari, ambazo upembo ni vigumu kuzifikia, leo zimezibwa kwa ajili ya urembo. Kisha mwizi akija, mpangaji aulizwa kwa nini hakufunga ile nusu iliyosalia!

Twasema wazi wazi: mwenye nyumba achukuaye kodi ya miezi 6, au ya mwaka mzima, mbele ya siku, amekwisha kulipwa. Akimkabidhi mpangaji nyumba ya madirisha yasiyo na kitasa, nondo zilizoshikwa kwa misumari mifupi katika fremu ya mbao iliyooza, na wavu uliotoboka, hakumkabidhi nyumba, amemkabidhi kivuli. Na mwajiri ampangaye mtumishi katika nyumba ya kazi ana wajibu huo huo, tena zaidi, kwa kuwa mtumishi hakuichagua nyumba wala mtaa.

Mambo yapasayo kudaiwa ni haya, nayo hayahitaji mali nyingi. Nondo zipandwe ndani ya ukuta wenyewe, zisifungwe kwa parafujo ambazo mtu aweza kuzilegeza kutoka nje. Nafasi baina ya nondo na nondo isizidi upana wa kiganja. Nyuma ya nondo, au mbele yake, uwekwe wavu wa chuma wa matundu madogo ambao hauruhusu kulabu kupita wala wembe kuukata. Na wavu wa mbu uwe upande wa ndani. Katika kila chumba cha kulala dirisha moja liwe na nondo zifungukazo kama mlango, zenye kufuli upande wa ndani, na ufunguo utundikwe mahali pamoja panapojulikana na kila aliyemo hata watoto, lakini mbali na mkono na mti wa mtu wa nje. Tundu za hewa za juu zirudishwe. Taa ya nje iwekwe upande wa nyuma wa nyumba, maana ndiko mwizi aendako, si mbele inakopita njia.

Nasi wapangaji tuna sehemu yetu, wala hatuikwepi. Kitanda kisiwekwe chini ya dirisha. Nguo, mkoba, simu na kompyuta visiachwe mahali paonekanapo kutoka nje, wala karibu na dirisha hata upembo uweze kuvifikia. Kabati lenye mlango lashinda kiti. Dirisha la kuteleza liwekewe kipande cha mti katika reli yake, lifunguke kwa kadiri ya hewa na lisisukumwe zaidi. Chumba kisicholaliwa na mtu kifungwe madirisha usiku. Namba za simu na vyombo vya umeme ziandikwe kwenye karatasi ya akiba, kwa kuwa chombo kisicho na namba hakina mwenyewe kikipatikana. Haya ni ya tahadhari, na tahadhari si kukiri kosa. Mtu avaaye viatu hakubali kwamba miiba ina haki ya kuchoma.

Lakini kuna dirisha jingine ambalo halina nondo hata moja, nalo twalifungua sisi wenyewe mchana kweupe. Ni dirisha la mnunuzi. Mwizi hali simu wala havai suruali kumi. Huiba kwa sababu asubuhi yuko mtu wa kununua. Na mtu huyo mara nyingi ni mwenye tai na kalamu mfukoni, anayeletewa simu ya bei kubwa kwa robo ya bei, bila boksi, bila risiti, naye hajiulizi neno. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kudhani, kwamba ni ya wizi, ni kosa mbele ya sheria. Karani akinunua mali ya namna hiyo leo, basi usiku wa kesho ameulipia ujira upembo utakaoingia nyumbani kwa karani mwenzake. Hatuwezi kulia juu ya wizi kwa jicho moja na kuukonyeza kwa la pili.

Tena liko jambo la majirani. Katika mtaa wa Kirkholt, mji wa Rochdale, Uingereza, tangu mwaka 1986 ulifanywa mpango uliotokana na kugundua kwamba nyumba iliyoibiwa mara moja huelekea kuibiwa tena kwa haraka kuliko nyumba nyingine. Basi badala ya kumlaumu aliyeibiwa, walimzunguka: nyumba yake ilitengenezwa upesi, na majirani wa nyumba sita hivi zilizo karibu waliombwa waiangalie. Katika mwaka wa kwanza wizi wa majumbani mtaani pale ulipungua zaidi ya nusu. Sisi tulikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, na Kenya ilianzisha mpango wake wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Umbo la jambo hilo tunalo tayari. Litakalolipa uhai ni kumwendea aliyeibiwa siku ile ile na kumsaidia kurudisha dirisha lake, tukaacha kusimama uani pake tukimhesabia makosa.

Na ulinzi wa majirani maana yake si mawe na matairi. Mwizi akishikwa, akabidhiwe mkono wa sheria akiwa hai. Umati uuao mtu kwa ajili ya suruali umetenda jinai kubwa kuliko yake, na mara nyingine umemwua mpita njia asiye na hatia. Chama cha watu waishio kwa maandishi na kanuni hakiwezi kunyamaza juu ya hilo.

Basi, ndugu wanachama, twawaomba mambo matatu. La kwanza, kila tawi liandike hesabu ya nyumba za wanachama wake: madirisha mangapi hayafungi, nondo ngapi hazifunguki, nyavu ngapi zimetoboka. Malalamiko yasiyo na hesabu huitwa manung'uniko. Yenye hesabu huitwa madai. La pili, wapangaji wa mwenye nyumba mmoja waandike barua moja, wote watie sahihi, na nakala iwekwe, kabla ya kulipa kodi ya kipindi kingine. Maana mmoja aweza kuambiwa ahame, lakini ishirini hawahamishwi kwa siku moja. La tatu, asiwepo mwanachama atakayemwuliza mwenzake aliyeibiwa kama dirisha lilikuwa wazi, kabla ya kumwuliza kama watoto wake ni wazima.

Usiku ni mrefu na joto ni kali. Watoto wetu wanahitaji hewa, nao wana haki ya kuipata bila ya kuilipia kwa mali ya baba zao.

Sisi watumishi wenzenu.